Umefukuzwa au Umepunguzwa Kazi Dodoma? Mwongozo Kamili wa Kujua Kesi Yako Inasikilizwa na Nani, Wapi na kwa Muda Gani

Wadau, hili jambo linarudi kila siku na watu wanazidi kuumia. Mtu kafukuzwa hotelini pale mjini au kwenye mashine ya alizeti Kibaigwa, barua anayo, mashahidi anao, anaanzia polisi. Polisi wanamwambia hayo ni madai nenda Mahakama ya Mwanzo, anafika kule anaambiwa hatuna mamlaka, anakimbilia kwa Mkuu wa Wilaya, anaelekezwa kwa Afisa Kazi, na akija kufika panapohusika siku zake zimeshakwisha. Hakuna mtu amesikiliza hata kama alionewa au hakuonewa, kesi imekufa mlangoni.

Mgogoro wa ajira unaanza na swali la mamlaka, yaani nani anaruhusiwa kuusikiliza, ofisi ya wapi, na ndani ya siku ngapi. Ukikosea hapo hata ukishinda ushindi wako unaweza kufutwa miaka mbele, maana hoja ya mamlaka inaweza kuibuliwa hatua yoyote, hata Mahakama ya Rufani. Kwa hiyo twende taratibu.

## Vitu vya kukusanya kwanza

Usitoke nyumbani kabla hujaweka hivi kwenye faili moja, kila karatasi toa kopi tatu au zaidi:

- Barua ya kuachishwa, au notisi ya kupunguzwa. Kama uliambiwa kwa mdomo au kwa meseji, piga skrinishoti inayoonyesha tarehe na namba iliyotuma.
- Mkataba. Kama hukupewa usikate tamaa, chukua taarifa ya benki au ya simu inayoonyesha mshahara ukiingia, salari slipu, taarifa ya michango ya NSSF, kitambulisho cha kazi, rota ya zamu, hata meseji za grupu la kazini ambazo bosi anakupangia majukumu.
- Karatasi za nidhamu kama zilikuwepo: barua ya tuhuma, majibu yako, wito wa kikao, muhtasari wa kikao, rufaa ya ndani na majibu yake.
- Kitambulisho chako cha NIDA.
- Karatasi moja uliyoandika tarehe zote kwa mpangilio: ulianza lini, ulipewa tuhuma lini, ulipokea barua lini. Hii utaishukuru baadaye.

## Hatua ya 1: Jua wewe ni mfanyakazi wa nani na wa aina gani

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo soma polepole.

Sekta binafsi. Kiwanda, hoteli, shule ya binafsi, kampuni ya ulinzi, mkandarasi, shamba la zabibu, NGO, mfanyakazi wa nyumbani, wote hawa mlango wao ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo sote tunaiita CMA. Inatokana na Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya 2004, na haki zako zenyewe ziko kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004. Sio Mahakama ya Mwanzo, sio ya Wilaya, sio ya Hakimu Mkazi.

Mtumishi wa umma. Dodoma hapa tuko wengi, wizarani, halmashauri, mashirika ya umma. Tangu marekebisho ya 2016 yaliyoongeza kifungu cha 32A kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma, mtumishi lazima amalize kwanza njia zote za rufaa zilizomo kwenye sheria hiyo ndipo aguse sheria za kazi. Rufaa inakwenda Tume ya Utumishi wa Umma, ndani ya siku 45 tangu upokee uamuzi, na usiporidhika unakwenda kwa Rais. Walimu wa shule za serikali wana tume yao, Tume ya Utumishi wa Walimu. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, kwenye Rufaa ya Madai Na. 12 ya 2022 iliyohusu Shirika la Posta na aliyekuwa mfanyakazi wake, ilisema wazi kwamba CMA haikuwa na mamlaka ya kusikiliza mgogoro wa mtumishi wa umma, na yote yaliyofanyika huko nyuma yakafutwa. Fikiria mtu ametoka CMA, kapita Mahakama Kuu, kafika Rufani, halafu anaambiwa mlango haukuwa huo.

Ila angalia hapa. Mlinzi anayelinda geti la wizara kule Mtumba, au dada anayefanya usafi ofisi za serikali, mara nyingi ameajiriwa na kampuni binafsi yenye tenda. Huyo sio mtumishi wa umma hata kama kila asubuhi anaingia jengo la serikali. Angalia mshahara unatoka kwa nani na mkataba umesainiwa na nani, huyo ndiye mwajiri, na kama ni kampuni basi ni CMA.

Jeshi na vyombo. Askari wa JWTZ, Polisi, Magereza na JKT sheria ya ajira haiwahusu, wana taratibu zao.

Kibarua. Bosi atasema "huyu hakuwa mfanyakazi wangu, alikuwa kibarua tu". Usitishike. Sheria ya Taasisi za Kazi inakuhesabu mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo kama kuna hata jambo moja kati ya haya: unafanya kazi kwa maelekezo yake, anakupangia saa, wewe ni sehemu ya taasisi yake, umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi au zaidi kwa miezi mitatu iliyopita, unamtegemea kiuchumi, anakupa vifaa vya kazi, au unamfanyia yeye peke yake. Fundi aliyepiga plasta saiti moja miezi minane kwa koleo na toroli la mkandarasi, anaingia saa moja na nusu kila siku, huyo ana hoja nzito sana.

Chini ya miezi 6. Kama umefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi sita, iwe mkataba mmoja au kadhaa, huwezi kudai kwamba umeachishwa isivyo halali. Bado unaweza kudai mshahara ambao hujalipwa, notisi, au kwamba mkataba umevunjwa. Usijaze dai ambalo sheria imekufungia.

*Utajua umefanikiwa:* unaweza kusema kwa sentensi moja, "mimi ni mfanyakazi wa kampuni fulani, sekta binafsi, nina mwaka na miezi minne, mlango wangu ni CMA."

## Hatua ya 2: Hesabu siku leo leo

Kwa kanuni za usuluhishi na uamuzi, Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007, dai la kuachishwa kazi isivyo halali linapelekwa CMA ndani ya siku 30 tangu uachishwe, au tangu mwajiri atoe uamuzi wa mwisho, mfano pale rufaa yako ya ndani ilipokataliwa. Madai mengine yote, kama mishahara au malimbikizo, ni siku 60 tangu mgogoro uanze.

Siku ni za kalenda, jumamosi na jumapili zimo.

Onyo kubwa kabisa la mwongozo huu: kwenda kwa Afisa Kazi, kwa Mkuu wa Wilaya, kwa mbunge, kwa chama cha wafanyakazi au kubembelezana na HR hakusimamishi siku. Afisa Kazi ana kazi yake nzuri tu, anakagua na anaweza kumpa mwajiri amri ya kutekeleza sheria, lakini hana mamlaka ya kuamua kama kufukuzwa kwako kulikuwa halali. Na ile kauli ya bosi "subiri mwezi ujao tutaongea" imeua kesi nyingi sana. Ongea naye, sawa, ila fungua kwanza, mazungumzo yataendelea mkiwa ndani.

Kama siku zimeshapita bado kuna njia. Unajaza fomu ya CMA F.2 ya kuomba kuongezewa muda, unaambatanisha kiapo, na kwenye kiapo unaeleza kila siku uliyochelewa na sababu yake. Kama ulilazwa leta karatasi za hospitali zenye tarehe. "Sikujua sheria" haisaidii, na "tulikuwa tunazungumza" nayo mara nyingi inakataliwa.

*Utajua umefanikiwa:* tarehe ya mwisho umeiandika ukutani na umepanga kufungua angalau wiki moja kabla yake.

## Hatua ya 3: Ofisi ya wapi

Kanuni ya 22 ya hilo Tangazo Na. 64 inasema mgogoro unasikilizwa na ofisi ya Tume inayohusika na eneo ambalo chanzo cha mgogoro kimetokea, isipokuwa Tume yenyewe ielekeze vingine. Kwa lugha yetu, ni pale ulipokuwa unafanya kazi ukaachishwa. Sio nyumbani kwenu, na sio lazima makao makuu ya kampuni.

Mfano, kampuni iko Dar es Salaam lakini wewe ulikuwa msimamizi wa ghala Kongwa na barua ulipewa ukiwa Kongwa. Fungua Dodoma. Usipande basi kwenda Dar kwa sababu tu anuani iliyo kwenye barua ni ya Dar.

Mfano wa upande wa pili, ulikuwa unafanya kazi Singida, ukafukuzwa, ukarudi kwa wazee Kondoa. Kondoa ni mkoa wa Dodoma, lakini mgogoro umetokea Singida, kwa hiyo Singida ndiko unakofungua, hata kama nauli inauma.

Kama ulihamishwa vituo mara nyingi, chukua kituo cha mwisho ulichokuwepo ulipopokea barua, na ueleze hivyo kwenye fomu ili wasikushike kwenye hoja ya awali, yaani pingamizi linaloletwa kabla kesi yenyewe haijasikilizwa.

*Utajua umefanikiwa:* karani anapokea fomu bila kukuuliza "kwani ulikuwa unafanyia wapi kazi?"

## Hatua ya 4: Jina sahihi la mwajiri

Watu wanalipuuza hili halafu wanalia mwishoni. Bango la nje linasema jina la hoteli, lakini hoteli sio mtu kisheria, mwenye hoteli ni kampuni yenye jina tofauti kabisa. Shule nyingi za binafsi, hasa za taasisi za dini, zinamilikiwa na bodi ya wadhamini. Ukishtaki jina la bango unaweza kupata tuzo (yaani uamuzi wa CMA) nzuri halafu siku ya kukamata mali wanakwambia huyo mtu hayupo.

Angalia mkataba, angalia taarifa ya NSSF inasema nani anachangia, angalia muhuri kwenye barua, na kama bado una shaka tafuta jina kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa kusajili kampuni na majina ya biashara. Liandike herufi kwa herufi.

## Hatua ya 5: Jaza CMA F.1 kwa akili

Fomu hii inatolewa na CMA na huduma zao ni bure, hakuna ada ya kufungua. Akitokea mtu anakuomba hela ya "kuharakisha" mwache.

Fomu ina sehemu ya kuweka tiki ya aina ya mgogoro, na ina sehemu B ambayo ni ya wanaolalamikia kuachishwa kazi tu. Ukisema umeachishwa isivyo halali, jaza sehemu B yote: sababu gani unaipinga, na utaratibu gani haukufuatwa. Vyote viwili. Mwajiri anatakiwa kuwa na sababu halali na pia kufuata utaratibu, akikosa kimoja tayari ana shida, kwa hiyo usimwachie kimoja kwa uvivu wa kuandika.

Wenye mikataba ya muda maalum, ya mwaka au miwili, hapa simameni kidogo. Mara nyingi mkataba wa namna hii ukikatishwa katikati dai linachukuliwa kama uvunjaji wa mkataba, na unachodai ni mshahara wa miezi iliyobaki. Mkataba ukiisha wenyewe, dai la kuachishwa linasimama tu kama ulikuwa na matarajio ya msingi kwamba ungeongezewa, mfano bosi alishakuandikia hivyo. Wengi wanaweka tiki kote kote, uvunjaji wa mkataba na kuachishwa isivyo halali, halafu wanajaza na sehemu B, kesi inachanganyikiwa tangu siku ya kwanza. Kama wewe ni wa kundi hili muone wakili au mtoa msaada wa kisheria kabla hujaweka tiki, nusu saa yake inakuokolea mwaka.

Kwenye unachodai andika tarakimu. Sio "haki zangu zote", andika notisi kiasi gani, likizo kiasi gani, mshahara wa mwezi upi. Ambacho hakipo kwenye fomu ni vigumu sana kukipata mwishoni. Anayelipwa kwa mwezi notisi yake ni siku 28 au zaidi. Kama uliajiriwa mbali na sehemu unayofanyia kazi, dai pia kusafirishwa wewe, familia na mizigo kurudi ulikoajiriwa, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku ulizosubiri usafiri huo.

Mliopunguzwa kazi, yenu ina nyongeza. Kupunguza wafanyakazi kunaruhusiwa kwa sababu za kiuchumi, za kiteknolojia au za muundo wa kampuni, lakini mwajiri lazima atoe notisi ya kusudio mapema, atoe taarifa zote muhimu, na akae na chama cha wafanyakazi au na nyie wenyewe mjadili sababu, namna ya kuepuka, vigezo vya nani aondoke, lini, na kiinua mgongo. Kuitwa asubuhi ukapewa barua na hundi sio majadiliano.

Mkishindwa kuelewana kwenye vikao hivyo suala linapelekwa CMA kwa usuluhishi hata kabla barua hazijatoka, kwa hiyo msisubiri mpaka mko nje ya geti. Na tafadhali sana usisaini karatasi ya "nimekubali na sina dai lolote" kwa sababu una njaa ya hiyo hundi. Ukishakubali kwa maandishi, kuja kusema baadaye kwamba hukukubali ni mlima.

Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Mfano msingi wako ni shilingi 520,000 na unafanya kazi siku 6 kwa wiki, gawa kwa 26 upate 20,000 kwa siku, mara 7 ni 140,000. Kama una miaka 6 ni 840,000. Hiyo ni sakafu tu, kwenye majadiliano mnaweza kupanda.

*Utajua umefanikiwa:* mtu asiyekujua akisoma fomu yako anaelewa kilichotokea, lini, na unataka nini. Halafu saini, fomu isiyo na saini yako ni karatasi tu.

## Hatua ya 6: Mpelekee mwajiri nakala na upate ushahidi

Tume inataka uthibitisho kwamba mlalamikiwa amepata nakala. Peleka mwenyewe mapokezi, wagonge muhuri au wasaini na tarehe kwenye nakala yako. Wakikataa tuma kwa rejista posta na utunze risiti.

## Hatua ya 7: Usuluhishi

Msuluhishi hatoi hukumu, anajaribu kuwapatanisha, na sheria inampa siku 30. Unaweza kwenda mwenyewe, au na kiongozi wa chama chako, TUICO, CHODAWU au chochote ulichomo, au wakili, au mtu unayemwamini. Ongea Kiswahili chako bila wasiwasi.

Usikose kufika. Wewe mlalamikaji usipotokea shauri lako linaweza kutupwa, na mwajiri asipotokea linaweza kuamuliwa bila yeye. Umeumwa? Toa taarifa kabla, kwa maandishi.

Hapa pia mwajiri ndipo huleta hoja za awali: amechelewa, sio ofisi hii, sio mwajiriwa wangu. Kanuni zinamruhusu msuluhishi kukutaka uthibitishe kwamba Tume ina mamlaka. Ndio maana tulihangaika na hatua ya 1 mpaka ya 4, sasa unafungua faili na kuonyesha.

Mkikubaliana soma kila mstari kabla ya kusaini: kiasi, tarehe ya kulipa, kinaingia akaunti gani.

## Hatua ya 8: Uamuzi

Usuluhishi ukigonga mwamba shauri linakwenda kwa mwamuzi. Huyu anasikiliza mashahidi, anapokea vielelezo, anatoa tuzo ndani ya siku 30 baada ya shauri kumalizika.

Kwenye kuachishwa kazi mzigo wa kuthibitisha uhalali ni wa mwajiri, kwa hiyo yeye ndiye anatangulia. Lakini akisema "sijamfukuza, ameacha mwenyewe", wewe ndiye unayetakiwa kwanza kuonyesha kwamba ulifukuzwa, na ile skrinishoti ya meseji hapa inakuwa dhahabu. Leta vielelezo halisi, sio kopi peke yake.

Ukishinda, mwamuzi anaweza kuamuru urudishwe kazini, uajiriwe upya, au ulipwe fidia.

## Hatua ya 9: Mahakama inaingia sasa

Mahakama yenye mamlaka kwenye masuala ya kazi ni Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na kwa huku kwetu mashauri yanasikilizwa Mahakama Kuu Dodoma. Unafika huko kwa njia mbili.

Ya kwanza, hukuridhika na tuzo. Unaomba marejeo ndani ya wiki 6 tangu upokee nakala ya tuzo. Anza kwa kujaza notisi CMA F.10 pale Tume, kisha maombi na kiapo vinaingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Marejeo sio kusikiliza kesi upya, Jaji anaangalia kama mwamuzi alikosea kisheria, alivuka mamlaka yake au aliacha ushahidi wa muhimu, kwa hiyo usilete shahidi mpya.

Ya pili, umeshinda na mwajiri halipi. Tuzo inakazwa, yaani inatekelezwa kwa nguvu ya mahakama, Mahakama Kuu kama hukumu ya mahakama yoyote. Taja kwenye maombi unataka nini kifanyike, akaunti ishikwe au gari likamatwe, na ulete namba ya akaunti au ya gari unayoijua. Ukiandika tu "naomba nilipwe" faili litalala.

Baada ya Jaji iko Mahakama ya Rufani, na huko kwenye mambo ya kazi unakata rufaa kwa hoja za kisheria tu, sio kubishania nani alisema nini kwenye kikao cha nidhamu. Notisi ya rufaa inawekwa ndani ya siku 30 tangu hukumu, na siku hiyo hiyo unayoiweka andika barua ya kuomba nakala ya mwenendo wa shauri na hukumu, nakala ya barua hiyo mpelekee mwajiri.